Kamusi ya Kijerumani haitakufikisha kwenye Kiyidi

SWALI: Natafsiri filamu ya Kimarekani, maandishi ya chini ya skrini. Familia ni ya Wayahudi wa New York. Programu ya simu inasema "mazl tov" ni "kila la heri", na jamaa anayemtukana shemeji yake "schmuck" eti anamwita "pambo". Na "mentsh" niiandikeje? – Mtafsiri, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, hilo "pambo" naletewa kila mara. Limechotwa kwenye kamusi ya Kijerumani, ambako Schmuck ni vito na mapambo. Kwenye Kiyidi, lugha ya Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, shmok ni uume, tena kwa jina la matusi. Wamarekani wamelilegeza mpaka likawa kama "bwege", kwa hiyo kwa huyo shemeji andika "fala", yatosha. Ila bibi aliyekulia kwenye Kiyidi chenyewe halitamki mbele ya wajukuu.

Watu wameshikilia kwamba Kiyidi ni Kijerumani kibovu. Hapana! Ni lugha ya miaka ipatayo 1,000. Mwili wake ni wa Kijerumani cha kale, lakini kimejaa Kiebrania, Kiaramu na lugha za Kislavi, na hadi leo watoto wa Kihasidi (Wayahudi washika dini sana) kule Brooklyn, New York, wanagombana kwa Kiyidi.

Mazl tov ina asili ya Kiebrania, "nyota njema", na hapo Mswahili hana taabu, maana nasi husema fulani ana nyota. Lakini husemwa jambo likishatimia: ndoa imefungwa, mtoto amezaliwa. Basi ni "Hongera!" Mjamzito kwa desturi haambiwi mazl tov. Huombewa tu kwamba iwe kwa saa njema.

Mentsh kwa Kijerumani ni binadamu yeyote, hata mwizi. Mama wa Kiyidi akimwambia mwanawe "zay a mentsh", anamwambia "kuwa mtu". Andika hivyo hivyo, usiongeze neno.

Wanaoniudhi ni hawa wanaojitangaza kutafsiri "Kiyahudi" kwa siku moja. Wanapiga picha barua ya marehemu babu wa mtu, wanaona herufi za Kiebrania (Kiyidi huandikwa kwa hizo hizo), wanaitupia mashine ya Kiebrania, kisha wanakuuzia uji. Mtu wa namna hiyo muulize: Kiyahudi kipi? Kiebrania, Kiyidi, au Ladino ya wale Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492? Akibabaika, usimlipe hata nauli.