Parkinson, macho na umakini: majibu kwa wasomaji

Wengi wanaujua ugonjwa wa Parkinson kwa mkono unaotetemeka na hatua fupifupi. Maswali ya safari hii yanahusu macho na akili, na nimefurahi mmeyauliza, maana kliniki mgonjwa huona aibu kuyataja, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hayaulizi.

Baba amebadilishiwa miwani mara tatu, bado akisoma gazeti anasema mistari inapandana. Macho yamepimwa, tumeambiwa ni mazima. (Tabata)

Huenda shida iko kwenye misuli inayoyaendesha macho. Tukisoma kitu cha karibu, macho yote mawili hugeuka kidogo kuelekea puani ili yatazame mahali pamoja. Parkinson hudhoofisha mwendo huo, kila jicho likaona lake. Mwambie baba afumbe jicho moja asome. Herufi zikirudi kuwa moja, mrudisheni kwa daktari wa macho na mmweleze wazi kwamba ana Parkinson, kwa sababu kusoma herufi za ukutani hakuonyeshi tatizo hili. Zipo lenzi za prizimu zinazosaidia.

Mtazameni pia anavyopepesa. Wenye Parkinson hupepesa mara chache, jicho likakauka na kuchoma, ukungu ukaja na kuondoka. Matone ya machozi bandia yanasaidia. Matone yenye steroidi msinunue kienyeji, yanaweza kupandisha presha ya jicho.

Na kuna hili ambalo familia nyingi hazilijui. Dopamini, ile kemikali inayopungua kwenye ubongo wa mwenye Parkinson, hufanya kazi hata ndani ya jicho, kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga. Ikipungua, rangi zinazokaribiana humchanganya mtu. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe anauacha nusu, nyumbani mnasema mzee hana hamu ya kula. Mpakulieni kwenye sahani ya bluu. Ukingo wa kila ngazi upakeni rangi ya njano.

Mama kila jioni anaona watoto wamekaa sebuleni, wamenyamaza. Ndugu wanasema ni majini, apelekwe kwa mganga. (Mbagala)

Dada, poleni sana. Jambo hili linajulikana vizuri katika Parkinson: watoto, wanyama wadogo, mtu anayepita pembeni. Mwanga ukiwa hafifu, macho hupeleka picha pungufu na ubongo hujazia. Dawa nazo huchangia. Kwa hiyo washeni taa kabla ya magharibi, ondoeni pazia la maua makubwa na koti linaloning'inia nyuma ya mlango. Msibishane naye, wala msijifanye mnawaona. Mwambie, "Mama, mimi siwaoni, ila najua wewe unawaona. Njoo twende pamoja tukatazame."

Kisha mpelekeni kliniki na dawa zake zote kwenye mfuko, hata za presha na za usingizi. Ulizeni hasa kuhusu triheksifenidili, ambayo wengi wanaiita Artane. Hutuliza mtetemeko, lakini kwa mtu mwenye umri mkubwa huweza kuvuruga kumbukumbu, kutia ukungu machoni na kuleta maono kama hayo. Msiisimamishe wenyewe, na levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ndiyo kabisa: kuikata ghafla ni hatari. Dua na maombi fanyeni, hayagombani na vidonge. Ninachokiogopa ni mganga atakayemwambia avitupe.

Kama kuchanganyikiwa kumeanza ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msingoje tarehe ya kliniki. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mtajieni anayempokea ugonjwa wake kabla hajamchoma sindano ya kumtuliza, kwa sababu haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo za kutuliza, humkakamaza sana mtu mwenye Parkinson.

Nilikuwa karani miaka mingi. Leo kuingiza namba za LUKU za umeme kunanishinda, napotea katikati. Ndiyo akili inaondoka? (Kigamboni)

Shikamoo mzee wangu. Si lazima iwe hivyo. Tazama kazi yenyewe: namba 20, macho yanaruka kutoka kwenye simu hadi kwenye mita, kichwa kinashikilia ulipofika, kidole kinachotetemeka kinatafuta kitufe. Parkinson hugusa hasa uwezo wa kubeba mambo mawili kwa pamoja. Ziandike kwa kalamu nene nyeusi, nne nne, mafungu matano, kila fungu mstari wake. Funika yanayofuata kwa kadi. Au mjukuu akusomee fungu moja, asubiri ubonyeze. Redio izimwe, na uchague saa ambayo dawa imekolea. Kanuni hiyohiyo unaposhuka kwenye pantoni: simu ikiita, iache iite, ushuke kwanza.

Mweleze daktari kuhusu usingizi wako na kama una huzuni isiyoondoka. Vyote viwili huiba umakini, na vyote vinatibika. Ukianza kupotea njia unayoijua au kuchanganya hesabu za pesa, nenda na mtu wa nyumbani aeleze anachokiona.

Mume wangu bado anaendesha gari mpaka Kariakoo. Nimkataze? (Kimara)

Usiku na kwenye mvua, aache kuanzia leo. Mchana kaa naye kando. Akichelewa kushika breki, asipoiona bodaboda ya pembeni, au akisinzia (baadhi ya dawa huleta usingizi wa ghafla), funguo ziwekwe mpaka daktari aseme. Mwendokasi ya Kimara inamfikisha hukohuko.

Karoti zitamsaidia macho? (Temeke)

Ni chakula kizuri, ila kwa matatizo haya hazibadilishi kitu. Kwenye chakula angalieni zaidi saa ya dawa: nyama, maharage na maziwa huweza kupunguza nguvu ya levodopa vikiingia tumboni pamoja nayo. Ameze nusu saa kabla ya kula. Dawa ikimletea kichefuchefu, ameze na kipande kidogo cha mkate mkavu, na maziwa yangoje.