Mama, Shamba Lisiguswe Kwanza

SWALI: Mwalimu, pokea salamu. Binti yangu alifanya mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo vya Marekani, hapa Nairobi mwaka jana. Tangu hapo baruapepe za vyuo vya Marekani hazikatiki. Asubuhi moja tulihesabu kumi na saba. Chuo kimoja kinasema kimemtengea ufadhili wa dola 20,000 kila mwaka, mradi atume ombi kabla ya mwisho wa mwezi. Juzi nami nikapata arafa kwamba amechaguliwa kusomea uuguzi katika chuo fulani hapa mjini, nitume shilingi 2,500 kwa M-Pesa ili nafasi isiende. Baba yake anataka tuuze kipande cha shamba Murang'a. Tufanyeje?
Mama wa kifungua mimba, Umoja

JIBU: Mama, shamba lisiguswe. Hata dalali msimpigie simu kwanza.

Mwulize binti kama alipojiandikisha kwa mtihani aliulizwa iwapo angependa vyuo vimwandikie. Wengi hukubali bila kufikiri. College Board, shirika linaloendesha SAT, lina huduma iitwayo Student Search Service: chuo hulipa, hutaja aina ya wanafunzi kinaowataka kwa alama, mahali wanakoishi na masomo wanayoyapenda, kisha hupewa majina. Yaelekea jina la binti yako lilipatikana kwa njia hiyo. Hakuna aliyekaa akasoma insha yake. Huo si utapeli, kwa kuwa vyuo vingi vinavyoandika hivyo ni halali kabisa. Ila kualikwa kuomba ni jambo moja, na kukubaliwa ni jingine.

Nilipokuwa nikifundisha Eastlands, kijana wa darasa langu alipata barua kama hiyo. Akaomba, akakubaliwa kweli, harambee ikaitishwa kanisani. Kumbe ili chuo kimpe hati ya I-20, ambayo bila hiyo huombi viza ya mwanafunzi, alitakiwa aonyeshe fedha za mwaka mzima. Harambee haikufika hata robo. Nafasi yake ya chuo cha hapa nayo ikawa imempita. Mimi ndiye niliyemwandikia barua ya mapendekezo, na sikuuliza bei. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ulizeni kinachobaki. Tuseme karo, malazi, chakula, bima na vitabu ni dola 62,000 kwa mwaka. Toa zile 20,000, zinabaki 42,000. Dola ikiwa shilingi 129, hizo ni zaidi ya milioni 5.4, na shahada ni miaka minne! Mikopo na ruzuku za serikali ya Marekani kwa kawaida hazimfikii mwanafunzi wa kigeni anayekwenda kwa viza ya masomo. Binti aandikie chuo mwenyewe: gharama yote ni kiasi gani, mnaweza kuziba pengo lote, na ufadhili utaendelea mwaka wa pili kwa masharti gani? Wakijibu kwa kumtumia broshua nyingine, hilo nalo ni jibu.

Wala asikate tamaa. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hupokea maombi ya wageni bila kuangalia mfuko wa mzazi, na anayekubaliwa husaidiwa kulingana na uhitaji wake. Kuingia ni kugumu mno, lakini huko ufadhili una maana. Aende pia EducationUSA, ofisi ya kuwashauri wanaotaka kusoma Marekani, iliyo katika ubalozi wa Marekani, Gigiri. Maelezo ya msingi hutolewa bure.

Ile arafa ya uuguzi usiitumie hata shilingi. Anayepangiwa chuo na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, huwa amechagua kozi mwenyewe kwenye tovuti yao, na binti yako anajua alichokichagua. Kama chuo hicho kipo kweli, angalia kama Baraza la Wauguzi la Kenya limekiidhinisha kufundisha kozi hiyo, halafu nendeni wenyewe mkaone madarasa na muulize ni katika hospitali gani wanafunzi hufanyia mazoezi.

Chuo cha Marekani kikijibu kuhusu pengo, niandikie tena pamoja na tarakimu zao, tupige hesabu pamoja.