Shangazi Anajibu: Noti iliyokufa Likoni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mke wa seremala, tunaishi Makorora hapa Tanga, ndoa yetu ina miaka minne. Mwezi uliopita tulikwenda Mombasa, ndiyo mara yetu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Tulipanda basi asubuhi, na mpaka Horohoro tulikuwa tunachekeana kama wachumba. Mpakani ndipo mambo yalipoanza. Pasi yangu ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku liko kwenye buti chini ya magunia ya watu. Konda akalalamika, abiria wakaguna, mume wangu akanisema mbele zao. Yeye naye, badala ya kuingia dukani kubadilisha fedha, alibadilisha kwa kijana wa nje aliyempa bei nzuri.

Kufika Likoni, penye kivuko cha kuingia Mombasa mjini, tukaambiwa abiria tushuke tuvuke kwa miguu, basi litaingia kivyake. Pale kulikuwa na mvulana anauza njugu za kufunga kwenye karatasi, anaita, "Mbao tu, mzee, mbao!" Mume wangu akasimama akamwuliza, "Mbao gani, mninga au mkongo?" Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Kumbe kule mbao ni shilingi ishirini. Akatoa noti ya elfu alipe, mvulana akaigeuza mara mbili akamrudishia: "Hii ilishakufa, mzee." Alikuwa nazo mbili za namna hiyo.

Kivuko kikafunguliwa, umati ukajaa, kugeuka mume simwoni. Simu yangu haikushika mtandao. Nilingoja pale Likoni hadi vivuko viwili vikaenda na kurudi, kumbe mwenzangu ameshavuka zamani, amesimama upande wa mjini. Tulipokutana hata pole sikupewa. Tukalifuata sanduku kituoni Mwembe Tayari, tukapata chumba, saa tisa na nusu hiyo na sijatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Akasema twende Fort Jesus kabla hawajafunga. Nikasema nina njaa. Akaenda peke yake! Amerudi saa mbili usiku na mkate wa mayai mkononi. Sikuugusa.

Tangu siku hiyo tukigombana, hata iwe kwa chumvi, anasema, "Wewe si mtu wa kusafiri naye." Sasa binamu yake anaoa huko huko Mombasa baada ya mfungo. Nani mwenye kosa, na niende au nibaki?

Mke wa Fundi, Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kucheka, unisamehe. Ile "mninga au mkongo" ilinikuta nina kikombe mkononi.

Hebu itazame mwenyewe ulivyoiandika. Pasi umeieleza, magunia umeyaeleza, njaa umeieleza mpaka saa na nusu yake. Katikati umepitisha mbio maneno matatu: "hata mimi nilicheka." Hapo ndipo penye jambo. Mtu anayeitwa fundi mtaa mzima anasimama ugenini, anatajiwa kitu anachokijua kuliko wote waliopo pale, anajibu kifundi, watu wanaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho anaisikia sauti ya mkewe. Hajakaa sawa, noti yake inarudishwa na mtoto wa njugu. Mimi siamini kama ni umati uliowatenganisha. Mumeo alitangulia ili usimwone uso. Akili ilipomrudia, maji yalishakuwa katikati yenu.

Tena mngekwenda mji wa Kichina yasingewapata haya, kwa sababu kule mngeuliza kila kitu. Mombasa inatuponza sisi watu wa Tanga. Adhana ile ile, kanga zile zile, samaki wa kupaka yule yule, mtu anakusalimu unamwelewa, basi unajiona uko Barabara ya Kumi na Mbili pale Ngamiani. Huulizi bei, huulizi njia. Nami yalinikuta 1987, siku yetu ya kwanza na marehemu mume wangu. Tumefikia kwa watu, nataka kutia udhu, nikamwuliza mtoto wa nyumba, "Bomba liko wapi?" Akatoka mbio akaniletea bomba la kujazia baiskeli upepo. Kwao bomba letu ni mfereji. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nilimnunia siku mbili, kwa hiyo kicheko cha mwenzio ugenini nakijua kinavyouma. Bajaji utasikia tuktuk, umeme stima, mia moja soo. Hayo mkayasome pamoja kabla ya safari, yeye akufundishe na wewe umfundishe.

Kuhusu noti. Kenya ilitoa noti mpya mwaka 2019, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo elfu moja za zamani zikawa karatasi ya kufungia hizo njugu. Za zamani zina sura kubwa ya Mzee Jomo Kenyatta, mpya zina lile jengo la KICC la Nairobi. Zilizofutwa ni za elfu tu. Za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikuguswa, msije mkaanza kukataa chenji halali na kuzua vita vingine na konda. Kijana wa mpakani anayetoa bei kuliko duka anajua anachokupa. Kosa hilo ni la fundi, na amelilipia.

La pasi ni lako. Pasi hukaa kwenye mkoba wa mkononi, au kifuani kama mama zetu walivyoweka hela. Na kila mmoja awe na fedha zake mfukoni, hata kidogo, maana ungekuwa na mbao mbili zako pale Likoni usingengoja na njaa.

La kivuko ni la wote wawili. Kabla hamjashuka kwenye basi semeni kabisa: tukipoteana, tunakutana upande wa mjini, mahali pa kutokea abiria, na hakuna kurudi nyuma. Mvukaji wa miguu halipi kitu Likoni, ndiyo maana umati ni ule, na ndiyo maana mtu anaweza kurudi kumtafuta mwenziwe bure mkapishana katikati ya maji mpaka jua lizame.

Njaa, sasa. Hapa simtetei. Ngome ile ya Fort Jesus Wareno walianza kuijenga 1593. Waomani walipoitaka waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698, miezi thelathini na mitatu wako nje wanangoja, na yeye alishindwa kungoja sahani moja ya wali! Najua alikuwa anakimbiza aibu yake, akataka aione peke yake kati ya kuta za watu. Lakini mke haachwi chumba cha kupanga, mji mgeni, tumbo tupu. Akisoma gazeti hili, fundi, nimekusema wewe.

Ila nawe, kuhusu mkate ule. Mtu ametembea mji asioujua, usiku, amesimama kwenye moshi wa jiko la mtu, amehesabu fedha zilizobaki baada ya zile mbili kufa, akakuletea. Huyo alikuwa anakuomba radhi kwa njia anayoijua. Ungemega hata pembe moja.

Nenda harusini. Safari hii siku ya kwanza msiwe na shughuli nyingine yoyote. Mkishuka Mwembe Tayari, kwanza mahamri na mbaazi na chai ya rangi, kabla ya chumba, kabla ya binamu, kabla ya mtu kutaja ngome. Kisha mwoge, mlale. Shughuli ya harusi itawachosha vya kutosha kuanzia kesho yake, nyie ni watu wa upande wa bwana harusi, mtabebeshwa masufuria.

Na kabla hamjaondoka, usiku mmoja mkiwa wawili, mwombe radhi. Usiguse habari ya pasi wala mkate, mwombe radhi kwa kile kicheko tu. Akikuuliza, "Kicheko gani?" ujue anakikumbuka vizuri.