"By" na "until": pale "mpaka" yetu inapopotosha

Wewe unayeanza kazi ya kutafsiri, au kazi yoyote inayokutaka ujibu barua pepe kwa Kiingereza, nakuomba ujifunze mapema kutenganisha "by" na "until". Kwetu "mpaka" inayabeba yote mawili bila taabu. Tunasema "nitakaa hapa mpaka Ijumaa", tena tunasema "mpaka Ijumaa nitakuwa nimemaliza", na kila mtu anaelewa. Ukiihamishia "mpaka" hiyo ya pili kwenye Kiingereza utaandika "I will finish until Friday", na msomaji wako atakwama.

"Until" inatazama muda wote unaotangulia ukomo: jambo linaendelea, linaendelea, kisha linakoma. Ndiyo maana huandamana na kungoja, kukaa, kulala: "I will wait until Friday". "By" haijali katikati palitokea nini. Inachotaka ni kwamba siku hiyo isipite jambo likiwa halijatendeka. Ukisema "I will finish by Friday" kisha ukamaliza Jumanne, umetimiza ahadi.

Hatari kubwa iko kwenye kukanusha. Nilipokuwa mgeni kazini, mteja aliniandikia "Don't send it out until Friday". Macho yangu yalishika Ijumaa tu. Nikadhani ndiyo siku ya mwisho, nikajitahidi, taarifa nikaisambaza Jumatano. Kumbe alitaka isitoke kabla ya Ijumaa! Taarifa ikishatoka hairudi, na uchungu wa siku ile sijausahau. "Send it by Friday" inakukataza kuchelewa; "don't send it until Friday" inakukataza kuwahi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kingeniokoa kama ningetulia, maana "usiitume mpaka Ijumaa" ina maana ileile.

Halafu "until" ni ya wakati, si ya mahali. "Nitakusindikiza mpaka kituoni" inataka "to" au "as far as".

Unapoahidi, usiishie kwenye siku, taja na saa: "by 4 p.m. on Friday", ukikumbuka kwamba hiyo 4 ni saa kumi jioni kwetu. Nami siku hizi nikikutana na "until" kwenye sentensi ya kukanusha, kwanza namuuliza mteja: "So nothing goes out before Friday, correct?" Akithibitisha, ndipo naendelea.