Nusu saa ya mwisho ni ya kusafisha saiti

Kwa miaka 13 nimesimamia ujenzi wa nyumba za watu binafsi Dar es Salaam na Kibaha, na ushauri ninaoupa uzito kuliko mwingine wowote ni kwamba usafi wa saiti uwe kazi iliyopangiwa muda na kulipiwa, kama ilivyo kusuka nondo au kumwaga zege. Ukisema mtasafisha mkimaliza, hamtasafisha, kwa sababu fundi analipwa kwa idadi ya tofali alizojenga na saidia fundi anawaza posho yake ya jioni, na hakuna aliyeajiriwa kuokota misumari.

Funzo hilo nililipata Mbezi, kwenye nyumba ya ghorofa moja. Tulikuwa tumeng'oa mbao za slabu, yaani zile zinazoshikilia zege la sakafu ya juu hadi ligande, na kwa kuwa tulikuwa tunakimbizana na mvua, tulizitupa chini na misumari yake na kuendelea na plasta. Kesho yake kijana mmoja aliyevaa kandambili, akiwa na karai la udongo kichwani, alikanyaga ubao uliokuwa umefunikwa na mchanga, na msumari wa inchi 3 ukapenya kisiginoni. Tulimpeleka zahanati, akachomwa sindano ya pepopunda, akakaa nyumbani wiki 2. Kosa lilikuwa langu, kwa maana asubuhi ile niliziona mbao zile nikazipita.

Tangu hapo, tukibomoa mbao za slabu au za lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), vijana wawili hawafanyi kazi nyingine yoyote siku hiyo ila kung'oa misumari na kuitia kwenye kopo, kisha mbao zinapangwa kwa urefu wake juu ya vipande vya mirunda ili zisiguse ardhi na kuliwa na mchwa. Hata buti nilianza kuzinunua mwenyewe, na hapo sikufanya hisani, kwani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga.

Mpangilio wa saiti uamuliwe kabla lori la kwanza halijafika, kwa kuwa mchanga ukishamwagwa mahali pabaya hakuna atakayeuhamisha. Mimi huweka mchanga na kokoto karibu na geti, jirani na pa kuchanganyia zege, na kutoka hapo hadi kwenye jengo huacha njia ya toroli ambayo hairuhusiwi kuwekwa hata ndoo. Nondo, ambazo zina urefu wa mita 12, hulazwa kando ya ukuta wa uzio juu ya magogo. Saruji hukaa stoo juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutumika. Udongo unaochimbwa kwenye msingi usirundikwe ukingoni. Usogezwe walau mita moja, kwa sababu uzito wake unaweza kuangusha kingo juu ya wachimbaji. Nondo za nguzo zilizobaki wima zivishwe vipande vya mbao, maana anayeteleza kutoka juu huziangukia.

Mapipa ya maji yafunikwe, kwa ajili ya mbu wa dengue na kwa ajili ya watoto wa mwenye nyumba, ambao huja Jumapili wakati hakuna wa kuwaangalia. Pipa moja litengwe la kunawia, kwani saruji mbichi huunguza ngozi polepole na mtu hushtuka usiku vidole vikiwa vimechubuka.

Saa 10:30 jioni nagonga kipande cha nondo na kila mtu anaweka mwiko chini, fundi mkuu akiwa wa kwanza, kwa sababu vijana humtazama yeye. Nusu saa hiyo naiandika waziwazi kwenye makadirio ninayompa mwenye nyumba. Wengi huniuliza kwa nini walipie kufagia, nami huwapeleka kwenye rundo la mbao zilizopangwa, tukahesabu pamoja ni ngapi zitatumika tena kwenye slabu ya ngazi bila kununua nyingine.