Kuizoea mitaa ya Guangzhou

Mdogo wangu, umesema kila siku ni hosteli, metro na chuo, Guangzhou yenyewe huijui. Weka simu mfukoni utembee kwa miguu, anzia wilaya ya Liwan kwenye majengo ya zamani ya qilou, yale ghorofa ya juu imetokeza mpaka juu ya njia ya watembea kwa miguu yani hata mvua ikinyesha hulowi. Asubuhi ingia mgahawa wa dim sum, vile vitafunio vidogo vya Kichina, uwaangalie wazee, kabla ya kula wanasuuza vikombe na vijiti kwa chai ya moto, halafu ukimmiminia mtu chai anagonga meza kwa vidole, ndo asante yake hiyo, napenda sana. Ila pikipiki za umeme hazina mlio, geuka nyuma kwanza. Usiku andika kitu kimoja tu ulichoona, hata bei ya machungwa.