Shira ya mahindi dukani: naisoma wapi, naikwepa vipi?

SWALI

Mtaalamu, shikamoo. Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wetu watatu. Mume alipimwa A1C, kile kipimo cha sukari ya damu, ikasoma 6.1. Daktari akamwambia apunguze sukari, na hasa aepuke kitu kinaitwa "high fructose corn syrup". Nilikwenda supamaketi nikasoma lebo mpaka macho yakauma. Kila ninachoshika kinayo, hata mkate. Rafiki mmoja ananiambia ninunue vitu vya "organic" tu, mwingine anasema soda ya Mexico haina neno. Kuna hata aliyeniambia tuache ugali kwa kuwa ni mahindi. Hiki kitu ni nini hasa, nakitambuaje, na nikikiondoa nyumbani A1C itashuka?

JIBU

Marahaba, mama. Nianze na ugali, maana naona umekutia hofu ya bure. Unga wa mahindi hauna hiyo high fructose corn syrup, ambayo hapa nitaiita shira, hata chembe. Punje ya hindi ina wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, aina moja ya sukari. Kiwandani wanga huo hutengwa na punje, ukatiwa vimeng'enya vya kuukata hadi ibaki glukosi tupu, kisha kimeng'enya kingine kikageuza sehemu ya glukosi hiyo kuwa fruktosi, sukari nyingine iliyo tamu zaidi. Kazi hiyo haifanyiki ndani ya sufuria yako. Ila aliyekushauri hakukosea kabisa: wanga wa ugali nao huishia kuwa glukosi mwilini, kwa hiyo kwa mtu mwenye A1C ya 6.1 ukubwa wa donge una maana. Apunguze donge, aongeze mboga na maharage. Kuacha kabisa sioni haja.

Kipimo hicho, kwa faida ya wasomaji wengine, kikiwa kati ya 5.7 na 6.4 maana yake sukari imepanda lakini bado haijawa kisukari, 6.5 na kuendelea ndiyo kisukari chenyewe. Mumeo bado ana nafasi nzuri ya kurudi nyuma kwa chakula na mazoezi.

Sasa shira yenyewe. Ziko aina mbili zinazotumika sana, na namba zake ni asilimia ya fruktosi katika sukari iliyomo: 42, ambayo huenda zaidi kwenye mikate, keki na vyakula vya kopo, na 55, ambayo ndiyo ya soda. Glukosi ndiyo inayochukua karibu sehemu yote iliyobaki. Linganisha na sukari nyeupe ya mezani, inayotokana na miwa au viazisukari: hiyo ni nusu fruktosi, nusu glukosi. Tazama namba hizo vizuri, maana ndizo zitakazojibu swali lako la mwisho. Hamsini na tano kwa hamsini si tofauti ya mbingu na ardhi.

Unauliza kwa nini iko kila mahali. Ni bei. Marekani iliweka mipaka ya sukari inayoingia kutoka nje, sukari ikawa ghali ndani ya nchi, huku mahindi ya Iowa na Illinois yakiwa tele. Kufikia mwaka 1984 Coca-Cola na Pepsi zote zilikuwa zimehamia kwenye shira katika soda zao za Marekani. Tena ni kimiminika: inasafirishwa kwa matangi, inapigwa kwa pampu kiwandani, haihitaji kuyeyushwa. Kwenye mkate inasaidia ubaki laini na upate rangi nzuri ya kahawia. Ndiyo maana uliikuta hata huko.

Kuitambua ni rahisi kuliko ulivyodhani, kwa sababu sheria hairuhusu ifichwe jina. Mwaka 2010 chama cha wasindikaji wa mahindi, Corn Refiners Association, kiliomba shira hiyo iruhusiwe kuitwa "corn sugar". FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikakataa mwaka 2012. Kwa hiyo kwenye orodha ya viambato, nyuma ya kifurushi, tafuta maneno yale yale manne: high fructose corn syrup. Ukiona "corn syrup" peke yake, hiyo ni shira nyingine, karibu yote ni glukosi. Kwa mwenye tatizo la sukari si nafuu, ila si ile uliyotajiwa. Ndugu zako wakikuletea biskuti kutoka Kanada, utakuta imeandikwa "glucose-fructose", na Ulaya "glucose-fructose syrup" au "isoglucose".

Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Hapa kuna ujanja mmoja unaoniudhi. Kiwanda kikitumia aina nne za sukari, kila moja kidogo kidogo, zote hushuka chini ya orodha, na wewe unaona unga wa ngano umetangulia ukadhani mambo ni shwari. Kwa hiyo usiishie kwenye orodha. Panda kwenye jedwali la lishe, utafute mstari uliojongezwa ndani kidogo, unaosema "Includes … Added Sugars". Mstari huo ulianza kuwa lazima kwa kampuni kubwa Januari 2020 na kwa ndogo Januari 2021, na hauangalii ni shira, ni miwa au ni asali: sukari yote iliyoongezwa inahesabiwa pamoja. Pembeni yake kuna asilimia ya kiwango cha siku nzima. Ikiwa 5 kushuka, ni kidogo. Ikiwa 20 kupanda, ni nyingi mno kwa mlo mmoja. Kila gramu 4 ni kijiko kimoja cha chai.

Sasa naingia kwenye swali la A1C, na hapa nitasema jambo ambalo pengine daktari hakupata muda wa kulieleza. Ukiondoa shira na kuweka sukari ya miwa mahali pake, usitegemee mabadiliko yoyote. Mwili hupokea karibu mchanganyiko ule ule. Ni kweli fruktosi nyingi hulilemea ini, na ikizidi ini huigeuza mafuta, lakini nusu ya sukari ya mezani nayo ni fruktosi. Ulaji wa shira hii Marekani umekuwa ukishuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kisukari hakikushuka nao. Shirika la moyo la Marekani, American Heart Association, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku kwa mwanamke na 36 kwa mwanamume, na halibagui aina. Kopo moja la Coca-Cola la aunsi 12 lina gramu 39. Mumeo akinywa moja tu mchana amekwisha kuvuka mpaka wa siku nzima kabla hajagusa chakula.

Hivyo rafiki wa soda ya Mexico anakosea. Ile ya chupa ya kioo imetiwa sukari ya miwa, ni kweli, na ladha yake wengi wanaipenda, lakini sukari yake iko karibu sawa na ya kopo. Vivyo hivyo soda yenye kizibo cha njano inayoonekana madukani karibu na Pasaka ya Kiyahudi: imetengenezwa bila shira kwa sababu Wayahudi wengi hawali mahindi katika siku zile, hakuna suala la kisukari hapo. Mwaka 2025 Coca-Cola ilitangaza kuongeza soda ya sukari ya miwa kwa soko la Marekani. Watu walifurahi kana kwamba imegeuzwa dawa.

"Organic" nayo ni hadithi ile ile. Kwa kawaida hutakuta shira hii kwenye bidhaa yenye muhuri wa USDA Organic, yaani wa kilimo hai kutoka wizara ya kilimo ya Marekani, kwa hiyo rafiki yako hakukudanganya. Utakuta "organic cane sugar", kwa bei ya juu. Na tafadhali usikimbilie shira ya mmea wa jamii ya mkonge, ile inayoitwa "agave": fruktosi yake inazidi hata ya shira ya mahindi. Asali ina fruktosi na glukosi kwa kiasi kisichopishana mbali na shira. Itumie kidogo kwa ladha. Usiimwage kwenye chai ukidhani ni dawa.

Tuingie dukani. Kama nguvu zako ni za eneo moja tu, zitumie kwenye vinywaji. Neno la kuangalia kwenye juisi ni jina lenyewe: "drink", "cocktail", "punch" na zile zinazoishia na "ade" kwa kawaida zimetiwa utamu, na asilimia ya juisi halisi lazima iandikwe; utashangaa kukuta 5 au 10. Kama watoto wako wako kwenye WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa akina mama na watoto wadogo, utakuwa umeona kwamba juisi inayokubaliwa ni ile ya asilimia 100 tu. Hiyo haina shira, lakini glasi moja ya juisi ya machungwa bado ina sukari ya zaidi ya gramu 20, tena imeachana na nyuzinyuzi za tunda. Watoto wapate glasi ndogo. Mumeo ale chungwa lenyewe. Embe pia ale, kipande kwa kiasi. Fruktosi iliyomo ndani ya tunda zima si ya kuogopwa, kwa kuwa ni kidogo na inaingia polepole.

Kechapu ni mfano mzuri wa kujifunzia. Heinz huuza Marekani ile ya kawaida yenye shira, na nyingine yenye sukari badala yake. Soma jedwali la zote mbili: sukari haipishani kwa maana yoyote, gramu kama 4 kwa kijiko kimoja cha mezani. Tatizo ni kwamba hakuna mtoto anayeishia kijiko kimoja. Sosi ya kuchomea nyama ni mbaya zaidi.

Mkate usikukatishe tamaa. Kampuni nyingi zimekwisha kuitoa shira, kwa hiyo geuza mifuko miwili mitatu utapata usio nayo; mikate ya baga ndiyo inayosumbua. Mkate bapa wa maduka ya Waarabu mara nyingi una unga, maji, chumvi na hamira basi, na chapati zako mwenyewe hazina hata swali.

Kwenye yogati nunua iliyoandikwa "plain" ukatie matunda nyumbani. Hapo utaona gramu kadhaa kwenye "Total Sugars" na sifuri kwenye "Added Sugars". Usishtuke, hiyo ni sukari ya asili ya maziwa. Matunda ya kopo chukua yaliyo kwenye juisi yake, uache "heavy syrup". Jemu, shira ya kumwagia pankeki, siriali za watoto zenye rangi rangi: soma kila mara, maana viwanda hubadilisha mapishi. Kuna kechapu moja, ya Hunt's, iliyotoa shira mwaka 2010 ikairudisha mwaka 2012, na mteja aliyezoea chupa yake asingejua.

Pasipo na lebo ndipo pagumu. Soda ya kujimiminia mgahawani kwa Marekani karibu yote ni shira, na kikombe hujazwa tena bure. Na sherehe zetu tunazijua: ndoa, arusi ya mtoto wa fulani, meza imejaa chupa za lita mbili na hakuna hata jagi la maji. Mwambie mumeo atembee na chupa yake ya maji. Ataulizwa maswali mara moja, kisha watazoea.

Kwa hiyo kama mtaacha soda na juisi za kutiwa utamu, mkapunguza donge, naye akatembea baada ya chakula cha jioni, kuna matumaini ya kweli namba ishuke. Kama mtabadilisha tu chapa ya kechapu, sidhani. Kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi, si wiki mbili: A1C husoma sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120, hivyo kabla ya hapo mtakuwa bado mnasoma soda za zamani. Kama daktari amempa dawa, asiipunguze mwenyewe kwa sababu ya mabadiliko haya ya chakula. Aende nayo kliniki siku ya kipimo, waamue pamoja.